Mwaka Mmoja Zaidi

Kila Mei nilisema: mwaka mmoja zaidi.
Kimekaa nyuma ya nyumba juu ya bamba la zege,
kinakoroma, kinatikisika, kinakohoa,
mapezi yamelala upande mmoja
tangu mvua ya mawe ya mwaka aliozaliwa mjukuu,
na mjukuu sasa anaendesha gari.

Ubavuni mwake nimeandika kwa penseli:
*Kapasita, Juni.
Mota ya feni, Agosti, siku ya maziko ya dada.
Gesi. Gesi tena.
Nyoka kwenye kisanduku cha waya, amekufa, nimemtoa.*
Shajara nyingine sijawahi kuandika.

Ezequiel fundi alifika alfajiri,
kabla jua la Yuma halijageuza chuma kuwa kikaango.
Akafunga geji zake, ya buluu na nyekundu,
akanyamaza vile daktari anavyonyamaza.
"Mzee, zidisha umri wake kwa bei ya matengenezo.
Ikipita elfu tano, nunua kipya."

Nikazidisha mgongoni mwa bahasha ya bili ya umeme:
ishirini na moja mara mia tisa na arobaini.
Elfu kumi na tisa na ushei.
Nikazidisha upya, huenda kalamu imeteleza.
Haikuteleza.
Na gesi yake, akasema, haitengenezwi tena,
iliyobaki hupimwa kwa mizani kama zafarani.

"Kitafika Oktoba?"
Akaitazama kofia yake.
"Labda."

Labda! Kwa neno hilo nimelea watoto watatu.
Nikamlipa nauli yake, akaenda.

Watu wakiona mzee na mashine kuukuu
hupenda kusema ni ndugu.
Si ndugu yangu.
Mimi nina goti bovu na pensheni ya karakana ya mabasi ya shule,
kile kina kompresa. Tusichanganywe.
Nilichokuwa nalinda ni dola elfu nane
zilizolala benki kwa jina la Paa,
na kabla ya Paa ziliitwa Alaska,
kwa kuwa Ardith alitaka, mara moja tu,
kuona barafu ndefu kuliko nyumba.

Julai. Saa tisa usiku.
Nikapapasa upande wake wa kitanda: shuka tupu.
Dirishani hewa ilitoka vuguvugu
kama pumzi ya mbwa.

Nikamkuta bafuni, amelala juu ya vigae,
shavu sakafuni, mikono ameitandaza
kama aliyeanguka kutoka mbali.
"Natafuta hereni," akasema,
macho amefumba.

Masikio ya Ardith hayajatobolewa.
Miaka arobaini na minne nimelala kando yake, nayajua.

Nikajishusha, goti likalia, nikalala karibu.
Vigae vilikuwa na ubaridi wa kweli, lazima nikiri,
na harufu ya sabuni,
na chini ya beseni niliona kutu
ambayo aliyesimama haioni.

"Tangu lini?"
"Tangu Juni."
"Mbona hukusema?"
"Ulikuwa unahesabu."

Kulipopambazuka nilimpigia Ezequiel.
Bei nilibishia kidogo, kwa heshima ya mazoea.
Wakaja vijana wawili, wakakibeba cha kale
kama wanavyobeba kochi, bila pole,
na maandishi yangu yakaondoka yakitazama juu
ndani ya pikapu.

Kipya hakivumi.
Usiku wa kwanza tuliamka wote wawili
tukasikiliza kama kimezima.
Ardith akavuta blanketi, la kwanza tangu Machi,
akaniachia miguu nje, yangu,
akalala fofofo.

Ubavu wake ni plastiki, penseli inateleza.
Kwa hiyo nimeandika ukutani, pembeni, herufi ndogo:
*Julai. Kipya.
Hereni haijapatikana.*